KISUMU HADI MOMBASA KWA NDEGE: KILOMITA NI CHACHE, SAA ZAENDA WAPI?

Kutoka kiwanja cha ndege cha Kisumu, kilicho ukingoni mwa Ziwa Victoria, mpaka kiwanja cha ndege cha Mombasa, kilicho karibu na maji ya Bahari ya Hindi, ni mwendo wa kilomita 695 hivi kwa mstari ulionyooka. Mtu akiambiwa kwamba ndege ya abiria ya mapanga hukata kilomita 650 kwa saa, mara hupiga hesabu kwa vidole na kusema, "Basi, ni safari ya saa moja na kitu kidogo." Hesabu hiyo si ya uongo. Lakini hiyo ni hesabu ya ndege, wala si hesabu ya safari.

Tofauti ya hesabu hizi mbili imewagharimu watu wengi. Yuko aliyefika kiwanjani akaiona ndege yake ikipaa. Yuko aliyekosa kumzika mzee wake kwa sababu ya kungoja nusu siku katikati ya njia. Yuko na aliyeuza magunia ya mavuno ili apate nauli, kisha akafika nyuma ya jirani yake aliyepanda basi. Kwa hiyo yafaa kila mtu ajue jinsi masafa ya angani yanavyopimwa, jinsi muda unavyohesabiwa, na mahali zinapopotelea saa ambazo hazionekani katika tikiti.

ZAMANI ILIKUWA MIEZI

Njia ya kutoka pwani mpaka ziwani si njia mpya. Watu wa pwani waliijua kabla ya reli, nao waliipita kwa miguu pamoja na wapagazi wao. Mwaka wa 1883 msafiri Mskoti, Joseph Thomson, alianza safari yake pwani mwezi wa Machi, akiwa na watu wa pwani waliokuwa wamezoea safari za bara. Kwa sababu ya vizuizi vya njiani, ikiwa ni pamoja na kurudi pwani mara moja kutafuta bidhaa na watu zaidi, hakuliona ziwa mpaka mwezi wa Desemba.

Kisha likaja gari la moshi. Reli ilianza kutandikwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899, na mwezi wa Desemba mwaka wa 1901 ikafika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence wakati huo, yaani Kisumu. Urefu wake ulikuwa karibu maili 582, ambazo ni kama kilomita 937. Safari ya miezi ikawa safari ya siku.

Wengi hawajui kwamba Kisumu ilikuwa na sifa katika mambo ya ndege kabla ya miji mingi ya Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza kuleta barua kutoka Uingereza hadi Mwanza, na Kisumu ilikuwa kituo kimojawapo cha njia hiyo. Mwaka wa 1937 kampuni hiyo ilianza kutumia ndege kubwa za majini kutoka Uingereza mpaka Durban katika Afrika ya Kusini. Hizo hazikuhitaji kiwanja cha nchi kavu, maana matumbo yake yalijengwa kama mashua, nazo zilitua majini. Miongoni mwa vituo vya njia hiyo vilikuwamo Kisumu na Mombasa. Ndege iliondoka katika maji matamu ya ziwa na kushuka katika maji ya chumvi ya bahari.

Mwendo wa ndege hizo ulikuwa kiasi cha kilomita 265 kwa saa. Ukigawanya kilomita 695 kwa mwendo huo, hesabu hutoa kama saa 2 na dakika 37. Leo ndege ya mapanga huhitaji kama saa 1 na dakika 4 kwa masafa hayo hayo, na ndege ya jeti iendayo kilomita 800 kwa saa huhitaji dakika 52. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini msafiri wa leo akitoka nyumbani kwake asubuhi, mara nyingi hafiki anakokwenda mpaka jua limepinduka. Basi saa hizo zinakwenda wapi?

MSTARI ULIONYOOKA NI NINI

Jambo la kwanza ni kujua kwamba masafa ya ndege si masafa ya barabara. Barabara kutoka Kisumu hadi Mombasa, kwa kupitia Nakuru na Nairobi, ni kama kilomita 830. Hupanda milima, huzunguka mabonde, na huingia katika kila mji ulio na biashara. Reli ile ya kwanza ilikuwa ndefu zaidi kwa sababu gari la moshi haliwezi kupanda mteremko mkali. Ilibidi kuzungushwa polepole mpaka kuuvuka mlima wa Mau. Ndege haina haja ya hayo yote.

Katika anga, masafa hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia kati ya mahali pawili. Kwa kuwa dunia ni mviringo, mstari huo kwa kweli ni upinde. Katika safari ndefu, kama ya Nairobi hadi Marekani, upinde huo huonekana wazi ukitazamwa katika ramani ya karatasi. Lakini kati ya Kisumu na Mombasa, karibu na ikweta na kwa mwendo mfupi namna hii, upinde na mstari wa rula ni kama kitu kimoja.

Marubani hawahesabu kwa kilomita bali kwa maili za baharini. Maili moja ya baharini ni mita 1,852, nayo ilipatikana kwa kuigawanya duara ya dunia katika digrii 360, na kila digrii katika dakika 60. Kwa kipimo hicho Kisumu na Mombasa zimeachana kwa maili za baharini karibu 375. Kwa maili za kawaida ni 432.

Mtu akichukua ramani ya Kenya na rula, na kuunganisha viwanja hivi viwili, ataona jambo la kupendeza. Mstari huo huondoka ziwani kuelekea kusini mashariki, hupita kati ya Kericho na Bomet, hukaribia Narok, hulikata Bonde la Ufa kusini ya mlima Suswa, hupita karibu na Kajiado, huvuka vilima vya Chyulu, kisha hufuatana na njia ya reli na barabara kuu katika nchi ya Tsavo, karibu na Voi na Mariakani, mpaka pwani. Nairobi haimo katika mstari huo. Imekaa kando, upande wa kaskazini, kwa kiasi cha kilomita 47.

Hata hivyo ndege haiufuati mstari wa rula hatua kwa hatua. Angani mna njia zilizowekwa, mna sehemu zilizokatazwa, na kila kiwanja kina taratibu zake za kuondokea na kukaribia. Ndege hulazimika kuanza kwa kuelekea upande ulionyookea njia yake ya kurukia, na kwa kawaida hupaa na kutua ikiuelekea upepo. Kwa hiyo ndege yenye kwenda mashariki yaweza kuanza safari yake kwa kuelekea magharibi, juu ya ziwa, kisha ikageuka. Kilomita hizo za kuzunguka hazimo katika 695.

KUPANDA NA KUSHUKA

Jambo la pili ni mwendo wenyewe. Zile kilomita 650 kwa saa ni mwendo wa ndege ikiwa imekwisha kufika juu na kutulia. Lakini ndege haianzi na mwendo huo. Kisumu iko mita 1,157 juu ya usawa wa bahari, na ndege ya mapanga ya namna itumiwayo katika safari hizi yaweza kupanda mpaka kiasi cha kilomita 7. Kupanda huko huchukua muda kama robo saa au zaidi, na wakati huo mwendo wake ni mdogo. Kushuka nako huchukua kama dakika 20, na rubani hupunguza mwendo kadiri anavyokaribia kiwanja.

Hii ndiyo sababu safari fupi ya ndege huwa ya polepole kuliko safari ndefu. Kutoka Kisumu hadi Nairobi, kiwanja cha Embakasi kiitwacho Jomo Kenyatta, ni kilomita 280 tu. Ratiba huonyesha kama dakika 50. Ukipiga hesabu, huo ni mwendo wa kilomita 336 kwa saa, ambao ni karibu nusu ya uwezo wa ndege. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 422, na ratiba huonyesha kama saa 1. Huo ni mwendo wa kilomita 422 kwa saa. Lakini ndege iendayo moja kwa moja kutoka Kisumu hadi Mombasa, ikichukua saa 1 na dakika 20, itakuwa imekwenda mwendo wa kilomita 521 kwa saa. Injini ni zile zile na rubani ni yule yule. Tofauti ni kwamba katika safari ndefu ndege hupata nafasi ya kukimbia. Katika safari fupi haijamaliza kupanda vema ila huanza kushuka.

Tena yafaa kujua kwamba muda ulioandikwa katika ratiba si muda wa kuwa angani peke yake. Huhesabiwa tangu ndege inapoondoka mahali pake pa kusimama mpaka inapofika na kusimama tena mahali pa kushushia abiria. Ndani yake mna dakika za kutambaa kiwanjani, dakika za kungoja ruhusa ya wale waongozao ndege katika mnara, na dakika za kuipisha ndege nyingine. Asiyejua jambo hili hutazama saa yake na kudhani kwamba rubani amechelewa, kumbe hesabu hiyo ilikuwamo tangu mwanzo.

UPEPO NA MVUA

Jambo la tatu ni hali ya anga. Ndege huogelea ndani ya hewa kama mashua ndani ya maji. Mashua ikienda kinyume cha mkondo hukawia, na ikienda na mkondo huwahi. Karibu na ikweta pepo za juu kwa kawaida hutoka upande wa mashariki, nazo si kali kama zile za nchi za baridi. Mathalani, ndege yenye mwendo wa kilomita 650 ikikutana na upepo wa kilomita 40 kwa saa usoni, mwendo wake juu ya nchi huwa 610, na kilomita 695 huichukua dakika 68. Siku hiyo hiyo ndege irudiyo Kisumu, ikisukumwa na upepo ule ule, huenda kilomita 690 kwa saa na kumaliza masafa hayo kwa dakika 60. Tofauti ya dakika 8 si kitu kwa abiria, lakini ni kitu kwa mwenye kununua mafuta ya ndege.

Mvua ni jambo jingine. Wakulima wa Kericho na Nandi wanaijua vema mvua ya mawe ishukayo alasiri na kuharibu majani ya chai. Mawingu yale yaletayo mvua ya mawe ndiyo marubani wanayoyaogopa, maana ndani yake mna pepo zipandazo na kushuka kwa nguvu nyingi. Rubani mwenye akili hapenyi katikati yake. Huzunguka, au hungoja chini mpaka yapite, au hurudi alikotoka. Kwa hiyo mwenye shughuli isiyoweza kungoja hufanya vema kutafuta ndege ya asubuhi, kabla joto la mchana halijayainua mawingu.

KILOMITA 7 ZA NAIROBI

Sasa limefika jambo ambalo ndilo lenye kula saa nyingi kuliko upepo na mawingu yote. Katika miaka ya karibuni kumepata kuwako ndege za kwenda moja kwa moja kati ya Kisumu na Mombasa. Lakini ratiba hubadilika, wala ndege hizo si nyingi kama zile zipitiazo Nairobi. Wasafiri wengi basi hununua safari ya vipande viwili: Kisumu hadi Nairobi, kisha Nairobi hadi Mombasa.

Ukijumlisha kilomita 280 na kilomita 422 utapata 702. Njia ya moja kwa moja ni 695. Kupitia Nairobi, basi, kunaongeza kilomita 7 tu, mwendo ambao mtu mwenye afya huumaliza kwa miguu kwa saa moja na nusu, na ndege kwa nusu dakika na kitu. Mtu akiitazama ramani atasema kwamba hakuna hasara yoyote.

Lakini saa husema mengine. Katika ndege peke yake, dakika 50 na saa 1 hufanya saa 1 na dakika 50, badala ya saa 1 na dakika 20. Hiyo ni nusu saa nzima iliyopotea kwa kupanda na kushuka mara mbili. Kisha kuna kungoja. Ndege ya pili haiji kwa sababu ya msafiri mmoja. Ina saa yake. Kungoja huko kwaweza kuwa saa 1, saa 2, au saa 4. Kilomita 7 za ramani huwa nusu siku kiwanjani.

Hapa pana mitego miwili ambayo yafaa kuijua. Mtego wa kwanza ni tikiti mbili zilizonunuliwa mbalimbali. Msafiri akinunua safari nzima kwa tikiti moja, na ndege ya kwanza ikachelewa, ni kazi ya kampuni kumtafutia nafasi katika ndege nyingine. Lakini akinunua tikiti mbili kwa kampuni mbili ili apunguze nauli, kampuni ya pili haina wajibu wa kumngoja. Akichelewa, nauli yake yaweza kupotea.

Mtego wa pili ni kwamba Nairobi ina viwanja viwili. Kiko kile kikubwa cha Embakasi, kilichofunguliwa mwaka wa 1958, ambacho sehemu ya kazi yake ilifanywa kwa mikono ya watu waliofungwa wakati wa Hali ya Hatari. Kiko na kile cha Wilson, kilichopewa jina la Bibi Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege mjini Nairobi mwaka wa 1929. Baadhi ya kampuni hutumia Wilson. Viwanja hivyo vimeachana kwa zaidi ya kilomita 12, na kati yake kuna barabara za Nairobi na msongamano wake wa motokaa. Mtu ashukaye Wilson na kupandia Embakasi asidhani kwamba atavuka ua tu.

SAA YA TIKITI NA SAA YA KISWAHILI

Kuna kosa jingine dogo lenye hasara kubwa. Tikiti za ndege huandikwa kwa saa 24, zianziazo usiku wa manane. Kwa Kiswahili saa zinahesabiwa tangu kucha na tangu kuchwa. Tikiti iliyoandikwa 07:00 maana yake ni saa 1 asubuhi, wala si saa 7 mchana. Iliyoandikwa 13:00 ndiyo saa 7 mchana. Iliyoandikwa 18:30 ni saa 12 na nusu jioni. Mzee asomaye tikiti yake kwa macho ya shambani, akaona 7 na kusema "saa saba", atafika kiwanjani saa 6 baada ya ndege kuondoka. Yafaa kijana anunuaye tikiti kwa ajili ya wazazi wake awaandikie kando, kwa Kiswahili kilicho wazi, ni saa ngapi na ni asubuhi au jioni.

Kati ya Kisumu na Mombasa hakuna shida ya kubadili saa. Kenya nzima hufuata saa moja, iliyo mbele ya ile ya Greenwich kwa saa 3. Jua lenyewe halifuati sheria hiyo: kwa kuwa Mombasa iko mashariki zaidi kwa karibu digrii 5, jua huwa juu ya utosi huko kama dakika 19 kabla ya kuwa hivyo Kisumu. Lakini saa za ukutani ni sawa, na mtu akitoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika hupata muda halisi. Aendaye Kigali ndiye atakayeona ajabu, maana saa za Rwanda ziko nyuma ya zile za Kenya kwa saa 1.

HESABU YA MLANGO KWA MLANGO

Chukua mfano wa mkulima wa mpunga wa Ahero. Alasiri, saa 9, anapata habari kwamba binti yake aliyeolewa Mombasa amelazwa hospitali kisiwani. Wagonjwa hutazamwa kuanzia saa 10 alasiri mpaka saa 11. Mzee huyu ana fedha za mavuno, naye anasema, "Nitapanda ndege, nifike upesi."

Ndege anayoipata ni ya kesho yake, saa 4 na nusu asubuhi. Anatoka nyumbani saa 1 asubuhi, maana ni lazima afike Kisumu, auvuke mji, kisha aishike barabara ya Busia mpaka kiwanjani. Anafika saa 2 na nusu, kama alivyoagizwa kuwahi saa 2 kabla ya ndege. Anapima mzigo, anakaguliwa, anangoja. Ikiwa ndege ni ya moja kwa moja, anashuka Mombasa saa 5 na dakika 50. Akiisha kuchukua mzigo wake ni saa 6 na robo. Kutoka huko, kwa Changamwe na daraja la Makupa, anafika hospitali saa 7 mchana. Safari nzima imechukua saa 6, na katika hizo ndege imechukua saa 1 na dakika 20 tu. Muda uliobaki umetumiwa na matatu, foleni na viti vya kungojea.

Ikiwa anapitia Nairobi, anashuka Embakasi saa 5 na dakika 20, anangoja ndege ya saa 8 mchana, anafika Mombasa saa 9, na hospitalini saa 10 na dakika 10. Amebakiwa na dakika 50 za kumtazama binti yake. Na kama ndege ya kwanza ingechelewa, naye akaikosa ya pili, siku ingekuwa imekwisha kupotea.

Je, kama jioni ile ile ya habari angepanda basi la saa 12? Kwa safari ya kama saa 15, angefika Mombasa saa 3 asubuhi, na hospitalini saa 3 na nusu. Angekuwa amechoka, miguu imevimba, na amezivumilia hatari za barabara ya usiku. Lakini angefika kabla ya ndege ile kuondoka Kisumu. Chombo cha polepole kiondokacho sasa hukishinda chombo cha upesi kiondokacho kesho.

Hii si kusema kwamba basi ni bora kuliko ndege. Katika mfano huu wageni hawakuruhusiwa kuwatazama wagonjwa mpaka saa 10, na kwa hiyo aliyelala kitandani mwake Ahero, akapanda ndege ya moja kwa moja, angemfikia binti yake saa ile ile na nguvu zake zote. Lakini kama madaktari wangekuwa wanataka jamaa wa kutoa damu asubuhi, basi ndilo lingemfaa. Swali si "Ni chombo gani chenye mbio?" Swali ni "Natakiwa kufika saa ngapi, na ni chombo gani kitakachonifikisha kabla ya saa hiyo?"

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mwenye kutaka kusafiri kwa ndege kati ya ziwa na pwani na afanye hivi.

Kwanza, na aanze hesabu yake mwisho, si mwanzo. Aandike saa anayotakiwa kufika, kisha arudi nyuma: barabara ya Mombasa, mizigo, ndege, kungoja, barabara ya Kisumu. Aendaye Likoni na aongeze muda wa kungoja kivuko, au wa kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu.

Pili, na aulize kama ndege inakwenda moja kwa moja. Kama sivyo, aulize atangoja Nairobi kwa muda gani, atashuka kiwanja gani, na kama safari nzima iko katika tikiti moja.

Tatu, na asome uzito wa mizigo ulioruhusiwa kabla ya kufunga gunia la mchele au kikapu cha samaki. Ndege hupimwa kila kilo, na kuzozana mbele ya mizani hula dakika ambazo hazirudi.

Nne, na asiipange shughuli yake kwa dakika ya mwisho. Ratiba ni ahadi ya wanadamu, na mawingu ya Kericho hayakutia sahihi.

Kilomita 695 hazitapungua. Ndege zenye mbio zaidi zikija, labda zitapunguza dakika 10 au 12 katika safari hii, lakini saa nyingi ziko nchi kavu, mikononi mwa msafiri mwenyewe. Aketiye usiku na kalamu na karatasi, akazihesabu moja moja kabla ya kutoa fedha zake, ndiye atakayefika kwa wakati.